Oktani si nguvu, na 93 ya Mmarekani si 93 yetu

Nimepotea wiki kadhaa, na safari hii sina kisingizio cha kazi wala cha stima kukatika. Nilikuwa na aibu tu. Nimeshiriki kuua injini ya rafiki yangu, na silaha niliyotumia ni jedwali la namba, yaani kitu ambacho nalipwa kila mwisho wa mwezi kwa kudai kwamba nakielewa.

Kisa ni hiki. Rafiki yangu ana Subaru Impreza WRX yenye tabo, iliyotoka Japani kama magari yetu mengi. Wikendi nyingine huipeleka kwenye uwanja wa mbio kule Athi River kushindana na saa, mimi nikimfuata na kipakatalishi changu. Akatamani nguvu zaidi. Kwenye intaneti akapata faili la kompyuta ya injini lililotengenezwa na Mmarekani mmoja mwenye gari la aina hiyo hiyo, na jina la faili liliishia na 93, maana yake limepangwa kwa petroli ya oktani 93. Kwenye kituo tunakonunua ile petroli ya bei ghali, pampu ina kibandiko cha 95.

"95 ni zaidi ya 93," akaniambia. "Tuko juu kwa mbili. Hapo ni salama."

Nami, mwenye digrii ya sayansi ya kompyuta, nikaitikia. Nikanakili jedwali la taimingi kutoka kwa faili la Mmarekani, nikalibandika kwenye letu. Raundi mbili za kwanza gari liliruka kama swara, sote tukacheka. Raundi ya tano likatoka kona ya mwisho likiburura moshi wa buluu. Fundi alipofungua injini siku tatu baadaye, alitoa pistoni moja ambayo ukingo unaoshika ringi ulikuwa umemeguka kama biskuti. Injini nyingine kutoka Japani, iliyotumika, iligharimu shilingi laki mbili na nusu. Pesa hizo rafiki yangu alikuwa amezipata kwenye zamu yake ya chama, na zilikuwa za arubuni ya ploti.

Basi ndugu msomaji, nimetumia wiki hizi kusoma kile ambacho ningepaswa kukisoma kabla. Na nina maoni.

La kwanza ni kwamba watu wengi, nikiwemo mimi wa zamani, wanadhani oktani ni kipimo cha nguvu ya petroli, kama vile petroli ya 98 ina moto mkali kuliko ya 93. Sivyo kabisa. Oktani ni kipimo cha uvumilivu. Ndani ya silinda pistoni inapanda ikikandamiza hewa na petroli, plagi inatoa cheche kidogo kabla pistoni haijafika juu kabisa, na moto unaanzia hapo kwenye plagi ukisambaa kuelekea kingo. Sasa ule mchanganyiko uliobaki pembeni, ambao moto bado haujaufikia, unabanwa na kupashwa joto kutoka pande zote. Ukishindwa kuvumilia, unajiwasha wote kwa mpigo. Mlipuko huo unapiga kuta za silinda kama nyundo, na hapo tunasema injini inagonga. (Mtaani kwetu tukisema gari limenoki tunamaanisha injini imeshakufa. Kugonga ninakokusema hapa ni ugonjwa. Kunoki ni maziko.)

Kipimo chenyewe kilipendekezwa mwaka 1926 na mwanakemia Graham Edgar wa kampuni ya Ethyl huko Marekani. Alichukua vimiminika viwili safi: isooktani, inayovumilia sana, akaipa 100, na heptani, inayogonga upesi, akaipa 0. Ukiambiwa petroli ni ya 95, maana yake ni kwamba kwenye injini maalum ya majaribio inagonga sawasawa na mchanganyiko wa isooktani asilimia 95 na heptani asilimia 5. Ni hivyo tu. Hakuna mahali popote kwenye kipimo hicho panapotajwa nguvu. Ethanoli ina oktani kubwa kuliko petroli ya kituoni, lakini lita yake moja ina nishati pungufu kwa karibu theluthi moja.

Sasa tuje kwenye kosa letu, kwa sababu hapa ndipo mtu wa programu anapaswa kuona haya. Kuna njia mbili za kupima oktani kwenye injini hiyo ya majaribio. Ya kwanza inaitwa RON: injini inazungushwa mara 600 kwa dakika, katika hali ya upole. Ya pili inaitwa MON: mara 900 kwa dakika, na mchanganyiko wa hewa na petroli unapashwa hadi nyuzijoto 149. Petroli ile ile hupata namba ndogo zaidi kwenye MON, kwa kawaida pungufu kwa nane hadi kumi. Huku kwetu, na Ulaya, na Japani, namba inayosemwa ni RON. Marekani wanachukua RON na MON, wanajumlisha, wanagawa kwa mbili, na wastani huo ndio unaobandikwa kwenye pampu.

Hebu tufanye hesabu. Kiwango cha Ulaya kinataka petroli ya 95 RON iwe na MON isiyopungua 85. Wastani wake ni 90. Yaani petroli inayoitwa 95 upande mmoja wa bahari inaweza kuitwa 90 upande wa pili, na wala haijabadilika hata tone. Na ile 93 ya Mmarekani ni kama 97 au 98 kwetu. Rafiki yangu alidhani tuko juu kwa mbili, kumbe tulikuwa chini kwa karibu tatu.

Kosa la vipimo. Si la kemia, si la ufundi. Namba mbili zimelinganishwa bila kuangalia kipimo kilichoandikwa kando yake. Kazini kwetu nikiona mtu amehifadhi bei bila kuandika kama ni shilingi au dola ninamrudishia kazi yake aandike upya, na siku hiyo sikufungua kinywa.

Kuna kisa mashuhuri ambacho ningependa kila anayecheza na mafuta akijue. Mwezi Julai mwaka 1983 ndege ya Air Canada, Boeing 767 mpya, ilijazwa mafuta kwa hesabu iliyochanganya ratili na kilo. Ilikuwa inahitaji kilo 22,300. Ikaondoka na chini ya nusu ya hizo. Mafuta yakaisha ikiwa futi 41,000 angani. Rubani akaiteremsha bila injini kwenye uwanja wa zamani wa jeshi la anga mahali paitwapo Gimli, Kanada, na watu wote 69 wakapona. Uwanja huo ulikuwa umegeuzwa kuwa wa mbio za magari, na siku hiyo kulikuwa na mashindano. Wapenzi wa mbio walikuwa wamekaa na familia zao, ghafla likatokea dege likinyamaza kimya.

Narudi kwa Subaru. Ukifungua kifuniko cha petroli cha magari mengi ya Japani yenye tabo, utakuta kibandiko chenye maandishi ya Kijapani tunachokipuuza. Kinasema tia petroli ya hali ya juu. Kiwango cha Japani kinataka petroli ya kawaida iwe na RON isiyopungua 89, na ya juu isiyopungua 96, na nyingi ya hiyo ya juu huuzwa ikiwa karibu 100. Kwa hivyo gari la rafiki yangu, hata kabla sijaligusa, lilikuwa limezoea chakula ambacho hapa halikipati. Lilikuwa tayari kwenye deni. Mimi nikaenda nikaliongezea mkopo.

Nitaulizwa, je, Nairobi si iko juu? Ni kweli, na hoja hii husikika sana miongoni mwa vijana wa mbio. Tuko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na msukumo wa hewa hapa ni kama asilimia 80 na kitu ya ule wa Mombasa. Hewa kidogo inaingia kwenye silinda, mbano wa mwisho unapungua, injini inagonga kwa shida zaidi. Ndiyo maana kwenye majimbo ya milimani huko Marekani wanauza petroli ya 85 wakati kwingine ya chini kabisa ni 87. Kwa gari lisilo na tabo, hoja hii ina nguvu, na mwenye gari hilo akiteremka Mombasa na joto lile asishangae akisikia mlio ambao Nairobi hakuusikia.

Lakini tabo inaharibu hesabu hiyo. Kompyuta ya injini inaweza kuiamuru ifikishe msukumo ule ule uliopangwa, mlimani au pwani. Huku juu inabidi tabo izunguke kwa kasi zaidi ili kufika hapo, na hewa iliyosukumwa kwa nguvu zaidi hutoka ikiwa na joto zaidi. Joto hilo linakula uvumilivu wa petroli. Kwa hiyo, mwenye tabo asijifariji na urefu wa Nairobi.

Na joto ndilo jambo ambalo barabara haikufundishi. Kwenye barabara ya Thika unakanyaga sekunde kumi, kisha kuna matatu mbele yako, unapumua. Uwanjani unakanyaga, unafunga breki, unakanyaga tena, dakika kumi na tano bila huruma. Maji yanapanda joto, mafuta ya injini yanapanda, hewa inayoingia inapanda, kuta za silinda zinapanda. Raundi ya kwanza petroli yako inatosha. Raundi ya tano petroli ile ile haitoshi, na hakuna aliyeibadilisha. Maoni yangu ni kwamba anayechagua oktani ya gari la uwanjani anunulie raundi ya tano. Aliyejaribu gari lake jioni yenye ubaridi kwenye barabara tupu na kusema liko sawa, hajajaribu kitu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba gari lilitwambia. Kwenye ubavu wa injini kuna sensa, kijidude kama maikrofoni kilichofungwa kwa bolti, kinachosikiliza mlio wa kugonga. Kwa injini hii ya Subaru, ambayo tundu la silinda lina upana wa milimita 92, mlio huo uko karibu na kilohezi 6. Kompyuta ikiusikia inachelewesha cheche, na ikiusikia mara nyingi inapunguza imani yake kwa petroli yote. Subaru huhifadhi imani hiyo kama namba moja, inaitwa IAM, na kwenye gari letu 1 ilikuwa imani kamili. Kuna programu huria iitwayo RomRaider inayokuwezesha kuisoma moja kwa moja. Tulikuwa nayo. Ilikuwa inaandika rekodi muda wote. Jioni ile, moshi umekwisha, nilifungua faili la rekodi nikaona IAM ikianza na 1, ikiteremka raundi ya tatu, ikiteremka tena raundi ya nne. Data ilikuwepo, imepangwa vizuri, kila sekunde na mstari wake. Hakuna aliyeitazama kwa sababu sote tulikuwa tunatazama saa.

Sasa, ushauri unaosikika baada ya kisa kama hiki ni kwamba "nunua tu petroli kubwa kuliko zote". Siukubali. Kama una gari la kawaida lisilo na tabo, lililopangwa kwa petroli ya kawaida, na sensa haionyeshi kugonga hata kwenye raundi ya tano, oktani ya ziada haitakupa chochote. Ni kama kununua seva yenye kumbukumbu maradufu kwa programu inayotumia robo tu ya ile ya kwanza. Tia petroli ile kitabu cha gari kinasema, na pesa zilizobaki nunua matairi na pedi za breki. Nimeona mtu akikamua chupa ya petroli ya bei mbaya kwenye Vitz, nikanyamaza, kwa kuwa mimi si wa kumcheka mtu mwaka huu :-)

Zile chupa za kuongeza oktani nazo zina ujanja wake. Zinaposema zinaongeza "pointi tano", mara nyingi pointi moja ni sehemu ya kumi ya oktani. Pointi tano ni nusu. 95 inakuwa 95.5. Tena kosa la vipimo, safari hii la makusudi. Nyingine zina kemikali za manganizi au chuma zinazoacha unga wa rangi ya kutu kwenye plagi.

Wapo wanaokimbilia petroli ya ndege ndogo, ile ya buluu iitwayo 100LL. Kwenye oktani haina mpinzani, lakini ina risasi ndani yake. Thomas Midgley na wenzake wa General Motors waligundua mwaka 1921 kwamba risasi inazuia kugonga, na dunia ikaivuta kwa miongo. Nchi zetu za Afrika kusini ya Sahara ziliachana na petroli ya magari yenye risasi kufikia mwanzo wa 2006, na Algeria, ya mwisho duniani, mwaka 2021, kwa sababu sumu hiyo inaharibu akili za watoto. Hata usipojali watoto wa jirani, risasi inaua sensa ya oksijeni, na sensa hiyo ndiyo jicho la kompyuta ya injini. Unanunua uvumilivu kwa kumpofusha dereva. Mimi nasema hapana.

Tena oktani peke yake haikuambii mafuta ni yapi. Mwaka 1988 sheria za Formula 1 hazikuruhusu petroli ipite oktani 102. Honda, waliokuwa na injini ya tabo kwenye gari la McLaren, walichanganya toluini asilimia 84 na heptani asilimia 16. Angalia hapo: heptani, ile ile ya sifuri ya Edgar! Toluini ilikuwa inavuka kikomo, wakairudisha chini kwa kutia kile kimiminika kibaya kuliko vyote kwenye kipimo. Walichokitaka ni uzito wa nishati kwa kila lita, maana magari ya tabo yalikuwa yamewekewa kikomo cha lita 150 kwa mbio nzima. McLaren walishinda mbio 15 kati ya 16. Kila mtu angeweza kufika oktani 102. Walioshinda walijua namba hiyo haisemi mambo yote.

Na huku kwetu kuna jambo moja ambalo vitabu vya Wazungu havitalisema: kama petroli iliyomo tangini ndiyo ile iliyoandikwa. Mafuta taa yakichanganywa humo yanashusha oktani vibaya. Serikali yetu iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa mwezi Septemba 2018 ili kuwakatisha tamaa wachanganyaji, kwa hiyo si hadithi za kijiweni. Kwa mtu wa mbio ninaona ni bora petroli ya 95 kutoka kituo kimoja unachokiamini, kila mara, kuliko 98 ya leo na isiyojulikana ya kesho. Tazama Safari Rally: tangu 2022 magari ya daraja la juu yote yanatumia mafuta ya msambazaji mmoja. Mafuta yanajulikana kwanza, halafu mafundi wanapanga injini kuyafuata. Sisi tulianza na faili, kisha tukatafuta petroli ya kulifuata, tena kwa macho.

Injini mpya imefungwa. Fundi ni mzee mmoja asiye na maneno mengi. Nilipomweleza hesabu za RON na MON alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kijana, mimi hiyo pistoni ilishaniambia." Jedwali la taimingi nimelipanga upya kuanzia chini, cheche zikichelewa kuliko inavyohitajika, na nitazisogeza digrii moja moja rekodi ikiruhusu. Nimeweka pia sauti: IAM ikiteremka chini ya 1 kipakatalishi kinapiga kelele kama mbuzi, dereva hana budi kupunguza mwendo. Gari limepungua nguvu kidogo, na rafiki yangu analalamika, lakini raundi ya kumi analalamika kwa saa ile ile ya raundi ya pili.

Nusu ya ile laki mbili na nusu nailipa mimi, elfu ishirini kila mwezi. Juzi wakati wa kuhifadhi faili jipya aliniuliza tuliiteje. Nikaandika aina ya gari, tarehe, kisha 95. Akanyoosha mkono, akaongeza mwenyewe herufi tatu: RON.